Gata kujaa barafu Minneapolis: waya wa kupasha joto ndiyo dawa?

Mgeni_wa_Baridi: Wakuu, nyumba haina ghorofa, gata ni za aluminiamu za inchi 5. Kila Januari zinajaa barafu pomoni, kisha maji yanapenya ukutani. Naambiwa nifunge waya wa umeme. Utasaidia?

Fundi_Bati: Utatuliza tu, mkuu. Ugonjwa uko darini. Joto la ndani likivuja, theluji ya katikati ya paa inayeyuka, maji yanashuka hadi ukingoni kwenye baridi na kuganda. Yanayofuata yanakosa njia, yanarudi chini ya vigae. Ziba matundu yote ya nyaya na mabomba kwenye dari, ndipo uongeze sufi ya kuzuia joto hadi R-49 au R-60 (R ni kipimo cha uwezo wa kuzuia joto lisipite). Matundu ya hewa ya chini ya ukingo wa paa usiyafunike.

Gata zisafishwe majani yakiisha kudondoka, kabla theluji ya kwanza haijashika. Mwaga maji kwa mpira ukianzia upande ulio mbali na bomba la kushukia. Yakituama, rekebisha mteremko: robo inchi kila futi 10. Vishikio vya gata vya kila futi 2 havihimili barafu. Weka kila inchi 16 hadi 18, kwa skrubu ndefu zinazoingia kwenye kenchi. Misumari hulegea.

Mama_Ngazi: Msisahau kiwiko cha chini cha bomba. Majani yakikwama pale, maji yanaganda, yanatanuka kama asilimia 9, mshono unafumuka. Na maji yatolewe futi 4 hadi 6 kutoka kwenye msingi, ila si kwenye njia ya watu!

Mgeni_wa_Baridi: Asanteni. Na ikishaganda, nigonge kwa nyundo?

Fundi_Bati: Thubutu! Gata itabonyea, na vigae vya lami vikiwa baridi vinapasuka. Jaza kalsiamu kloridi (chumvi ya kuyeyusha barafu) kwenye stokingi, ilaze ikikatiza barafu mpaka ivuke mdomo wa gata. Itatoboa njia ya maji. Chumvi ya mezani au ya barabarani hapana, inakula metali. Theluji mpya ivute kwa reki ndefu ukiwa chini, futi 3 au 4 za ukingoni zinatosha. Chunga nyaya za umeme, reki nyingi ni za aluminiamu.

Mama_Ngazi: Ukiamua waya, chukua unaojipunguza wenyewe moto, uchomeke kwenye soketi ya GFCI (inayokata umeme ukivuja), na uushushe ndani ya bomba hadi mwisho. Ukiishia juu, bomba litaganda na gata itajaa tena.