Mjadala: Kompyuta ifundishwe kupiga taarab kwa hisia?

Fidla wa Mkunazini: Asalaam alaykum. Vijana wawili wamekuja mazoezini kwetu, wanataka kumrekodi kila mpigaji peke yake ili kompyuta ijifunze namna tunavyopiga. Kikundi kimegawanyika. Mimi nasema wasipewe ruhusa.

Kazi yenyewe siidharau. Mtafiti wa muziki Johan Sundberg na wenzake kule Stockholm, tangu miaka ya 1980, wameandika sheria za upigaji: wapi mwendo upungue, wapi sauti ipande. Gerhard Widmer wa Austria naye alitumia piano ya Bösendorfer inayoandika kila pigo, akaiachia kompyuta itafute sheria yenyewe. Lakini tazameni, ni piano! Piano inapimika: kidole kimegusa lini, kwa nguvu gani, kimeachia lini. Fidla yangu ikiingia Bayati, ule mpangilio wa sauti wa Kiarabu, sauti yake ya pili haimo kwenye kinanda. Ipo katikati ya vibonyezo viwili, na naiendea kwa kuteleza.

Tena utamu hautoki kwangu peke yangu. Mwimbaji akivuta kina cha mwisho, bibi mmoja akainuka na noti yake kuja kutunza, tunaurudia mstari hata mara tatu. Ukinifungia chumbani na kinasa sauti, hayo utayapata wapi?

Bint Wete: Shikamoo maalim. Hapa sikubaliani nawe. Huku Pemba mwalimu wa udi namtafuta kwa tochi. Nilichukua rikodi ya zamani, nikaipunguza mwendo kwa programu ya simu, ndipo nikaona: mpiga udi anachelewa chembe baada ya ngoma ya dumbaki, kila beti, pahala palepale. Miaka miwili nimeisikiliza rikodi ile bila ya kulijua hilo. Wazee wanaondoka. Wakishaondoka na vidole vyao, tutapima nini?

Mpiga Rika: Kinanda kimeshatupunguza jukwaani. Kikipata na hisia, nani atatuita harusini?

Fidla wa Mkunazini: Marahaba Bint Wete, mwanangu. Hapo umenishika. Basi waje usiku wa shughuli, warekodi kikundi kizima pamoja na watunzaji, kila mpigaji aridhie kwa maandishi, na rikodi zibaki kwetu. Kupima ili tufundishe, nakubali. Kutengeneza mpigaji wa mashine wa kukodishwa rahisi, hilo siliungi mkono.

Bint Wete: Nimeridhika na hilo, maalim. Ila vijana hao waambie na boti ya Pemba ipo.