Unampa mtu 2 halafu unapita kimya! Mashindano ya picha mtandaoni yanatufundisha nini?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiye na muda apite tu.

Matokeo ya shindano la picha za uso yametoka. Nimezipitia picha zote, ya kwanza hadi ya mwisho, nikasoma kila maoni yaliyoandikwa chini yake. Nimemaliza mapema mno, maana hakukuwa na cha kusoma. Picha iliyoshika mkia imejaa alama za 2 na 3 na haina hata sentensi moja. Iliyoshinda ina "safi sana", "hongera", "kali hii" na msururu wa alama za moto. Aliyeshinda hajui ameshinda kwa lipi, aliyeshindwa hajui ameshindwa kwa lipi, na shindano lijalo wote wawili watatuletea picha ya aina ile ile.

Sisi ni wapiga picha wa ridhaa. Hatulipwi, na mengi ya mashindano haya hayana zawadi yoyote ya maana. Mtu anayeweka picha yake humu anatafuta kitu kimoja ambacho nyumbani hakipati, yaani jicho la mtu asiyemjua. Mama yako ataisifia picha kwa kuwa umeipiga wewe. Rafiki yako ataisifia kwa kuwa yeye ndiye aliyemo. Mgeni hana sababu ya kukupendelea, na ndiyo maana neno lake lina thamani. Tukimnyima mtu neno hilo tukamwachia tarakimu peke yake, tumemdhulumu.

Nianze na wapiga kura wa kimya. Wengi hawajui alama moja ya hovyo inafanya nini. Chukua wapiga kura 30, wote wametoa 7, wastani ni 7.0. Mmoja tu kati yao akitoa 1 badala ya 7, wastani unashuka hadi 6.8. Wakifanya hivyo watatu, ni 6.4. Kwenye mashindano ambayo picha zinapishana kwa nukta chache, hapo umemtoa mtu kwenye kumi bora ukampeleka katikati ya kundi, na hujafungua mdomo. Kama kweli uliona kitu kibaya kiasi cha kutoa 1, kitaje! Kama huwezi kukitaja, basi hukukiona, na hiyo 1 imetoka kwenye chuki au uvivu. Wapo pia wanaoshusha picha za wenzao ili ya kwao ipande. Hao tunawajua na wao wanajijua.

Halafu kuna wanaoandika, lakini wanachoandika afadhali wangenyamaza. "Picha ina giza." Umeitazama wapi? Kwenye simu, juani, mwanga wa kioo ukiwa umepunguzwa ili chaji isiishe? Mwenye picha amekaa na histogramu mbele yake, yaani ile grafu ya mgawanyo wa mwanga kwenye picha, anaona mwanga umeenea vizuri, vivuli havijazama, halafu anasoma kwamba picha ina giza. Ataamini kipi? Au "rangi zimefifia". Hili lilimkuta mwenzetu humu na limeniuma kwelikweli. Picha zake zote zilionekana zimepauka, watu wakamtandika alama za chini shindano baada ya shindano. Tatizo halikuwa jicho lake. Alikuwa anahifadhi picha katika Adobe RGB, mfumo wenye wigo mpana wa rangi, profaili ya rangi (maelezo yanayoutaja mfumo huo) inaondolewa wakati wa kupakia, na kivinjari kinaisoma picha kama vile ni sRGB, mfumo wa kawaida wa mtandaoni. Rangi lazima zipauke. Sentensi moja tu, "hifadhi kwa sRGB kabla ya kupakia", ingemaliza yote. Hakuna aliyeiandika, na nina hakika wanaoijua humu ni wengi.

Kanuni ya theluthi, ile ya kugawa fremu mara tatu na kumweka mhusika kwenye mstari wa theluthi badala ya katikati, nayo imegeuzwa fimbo. Mtu anaona uso uko katikati ya fremu, hata hajauliza kwa nini umewekwa pale, ameshaandika "fuata kanuni ya theluthi". Uso uliotazama kamera moja kwa moja, mabega yamelingana, mandharinyuma yamelingana kulia na kushoto, unausogeza pembeni ili upate nini? Kanuni ile inamsaidia anayeanza asiweke kila kitu katikati kwa mazoea. Haikuwekwa ili msomaji apumzike kufikiri.

Mnakumbuka kisa cha Flickr, ule mtandao wa kuweka picha, mwaka 2006? Kulikuwa na kundi ambalo watu waliweka picha ili wengine wapige kura ibaki au ifutwe. Mtu mmoja akaweka picha ya Henri Cartier-Bresson, mpiga picha Mfaransa mwenye jina kubwa duniani, ile aliyoipiga Hyères, Ufaransa, mwaka 1932: ngazi za mzunguko zinateremka, na chini barabarani mwendesha baiskeli anapita. Waliopiga kura hawakuitambua. Wakasema imecheza, haina ukali, wakaitupa nje. Watu wengi wanaisimulia hadithi hii kuonyesha kwamba wakosoaji wa mtandaoni ni wajinga. Mimi naisoma tofauti. Kosa lao halikuwa kutomjua Cartier-Bresson, maana hakuna anayelazimika kumjua, na jina kubwa halitakiwi kuipa picha alama. Kosa lao ni kwamba waliona baiskeli imecheza wakaishia hapo. Ngazi ziko kali, jiwe liko kali, kinachocheza ni kile tu kinachokwenda. Mkosoaji mwenye nia angejiuliza: kama mpiga picha alishindwa kuituliza kamera, mbona ngazi zimetulia? Swali hilo lingetosha kumfikisha kwenye picha yenyewe.

Vivyo hivyo kwa wale wa "imehaririwa sana". Ansel Adams, mpiga picha maarufu wa Marekani, aliisafisha picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliyoipiga mwaka 1941, mara nyingi sana kwa miaka mingi, na katika nakala za baadaye anga ni jeusi kuliko katika zile za mwanzo. Aliamua hivyo chumbani gizani, kwa mikono yake. Kuhariri ni sehemu ya kazi. Kama kuna mahali kumezidi, nionyeshe mahali. Ngozi imekuwa kama plastiki? Kuna mstari mweupe pembezoni mwa mlima pale ulipopandisha ukali? Hiyo naielewa, naweza kurudi kuirekebisha leo leo. "Imezidi" peke yake nifanye nayo nini? Na kama shindano lina kanuni kwamba kitu hakiongezwi wala kuondolewa kwenye picha, hilo ni suala la kanuni, lipelekeni kwa waandaaji badala ya kumwadhibu mtu kwa alama kimya kimya.

"Nunua lenzi bora" siitolei hata maelezo. Hiyo si maoni ya picha.

Sasa mtaniuliza, maoni ya kujenga yanakuwaje? Nimewahi kuyaona humu humu, ndiyo maana sikubali kuambiwa hayawezekani. Kijana aliweka picha ya mtoto anaruka dimbwi la maji. Mdau mmoja akamwandikia, na nayatoa kwa maneno yangu: jicho langu linakwenda kwanza kwenye uso wa mtoto, kwa kuwa ndiyo sehemu yenye mwanga, na hapo umenipata. Nikishuka chini nakwama, miguu na maji vimecheza, na sioni kama ulikusudia, kwa sababu uso nao umecheza kidogo. Ulipiga kwa kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde. Kwa mtoto anayeruka jaribu 1/500, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, uipandishe kutoka 100 hadi 800, mwanga utabaki pale pale. Chenga, zile punje punje kwenye picha, zitaongezeka kidogo lakini afadhali chenga kuliko uso uliocheza. Na ukipiga magoti kamera ikawa karibu na maji, ule ukuta nyuma ya kichwa chake utashuka, mtoto atabaki na anga peke yake.

Tazameni alichofanya. Amesema alichokiona na jicho lake lilipita wapi. Ametaja mahali penyewe ndani ya fremu. Ametoa sababu, akatoa hatua ambayo mtu anaweza kuichukua kesho, na hesabu yake ni sahihi: 1/60 kwenda 1/500 ni kupunguza mwanga takriban mara nane, ISO 100 kwenda 800 ni kuurudisha mara nane. Hakumwita fundi wala hakumwita mbovu. Hata alipotaja zuri, alilitaja kwa sababu yake, mwanga usoni. Sifa isiyo na sababu haina msaada, kwa kuwa mtu hawezi kurudia jambo asilojua kwamba alilifanya. Huyu kijana alirudi na picha nyingine, amepiga magoti, mtoto mwingine, anga tupu nyuma. Ilikuwa picha ya kweli.

Na hatuhitaji wote kuandika hivyo. Asiyejua ISO ni nini anaweza kusema "jicho langu linakimbilia lile gari jekundu kona ya kushoto, nikachelewa kumwona bibi". Hayo ni maoni kamili. Mwenye picha atajua la kufanya na lile gari.

Lakini sitawaacha wapokeaji, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo kubwa zaidi. Mtu anaweka picha, anaandika kwa herufi kubwa "KOSOENI BILA HURUMA". Unakaa. Unaifungua kwenye kioo kikubwa, unaitazama, unaondoka, unarudi, unaandika aya mbili kwa adabu zote. Jibu linakuja: "Tuonyeshe za kwako kwanza." Ndugu yangu, nikikuambia mstari wa upeo umeinama na bahari inamwagikia kulia, umeinama hata kama mimi sijawahi kushika kamera maishani. Picha inatazamwa na watu, na wengi wao si wapiga picha.

Mwingine anakuja na historia. Alipanda mlima usiku, alisubiri kwenye baridi, betri ilikufa, akaibadilisha vidole vikiwa vimekufa ganzi. Nakuheshimu kwa hayo yote. Ila hayamo ndani ya fremu, na anayeitazama picha hayaoni. Ukianza kuyaeleza ili kumnyamazisha aliyekwambia mbele ya picha kuko tupu, unatetea safari yako, na hakuna aliyeishambulia safari. Na yule anayejibu kila maoni ndani ya dakika moja, hoja kwa hoja, hasomi. Anapigana. Soma, nyamaza, lala, soma tena kesho ukiwa na picha mbele yako. Yapo utakayoyakataa, na ni haki yako, picha ni yako. Anayekukosoa anakueleza kilichomtokea yeye alipoitazama, na huwezi kumwambia hakikutokea. Uliza tu: "uliposema nzito, ulimaanisha vivuli au rangi?" Swali kama hilo linamfanya mtu arudi kukukosoa mara nyingine.

Baya kuliko yote ni kufuta. Anapata maoni asiyoyapenda, anaifuta picha, na kila kilichoandikwa chini yake kinaondoka nayo. Mtu ametumia jioni yake kukuelekeza kuhusu mwanga wa dirishani, namna ya kumgeuza mhusika hadi kivuli cha pua kisiguse mdomo, wapo wanaoanza waliokuwa wanasoma pembeni na kujifunza, wewe unabofya mara moja na kuyafuta yote. Yale maneno hayakuwa yako peke yako! Mdau aliyemwandikia yule kijana wa dimbwi alifutiwa hivyo zaidi ya mara moja na wengine. Siku hizi haandiki tena. Anapiga kura na kupita, kama wengine, na siwezi kumlaumu. Hivi ndivyo tunavyowapoteza watu wenye uwezo wa kutufundisha bure.

Kwa waandaaji, mambo haya yako mikononi mwenu na hayahitaji fedha. Anayetoa alama chini ya 4, mfumo usiikubali mpaka aandike angalau sentensi mbili. Najua mtasema watu watabandika upuuzi ili wapite. Wabandike, upuuzi unaonekana na unaweza kuripotiwa, alama ya kimya haionekani. Acheni kupanga washindi kwa wastani, tumieni alama ya katikati, yaani ile inayoangukia katikati ukizipanga alama zote kutoka ndogo hadi kubwa. Katika ule mfano wangu wa watu 30, hata wale watatu wakitoa 1, alama ya katikati inabaki 7, hila yao haifui dafu. Kwenye ukurasa wa kupakia, muulizeni mwenye picha alichokusudia, jibu lake likae wazi baada ya kura kufungwa ili tulilinganishe na tulichokiona. Na mtu akifuta picha, iondoke picha yake, maoni yabaki.

Nimewaandikia haya kwa ujumbe wa faragha na sikujibiwa. Sasa nayaweka hapa mbele ya wote, na nasubiri jibu lenu kwenye uzi huu huu, hasa kuhusu hilo la kufuta.