Mnaobeba mbwa kwa pikipiki Malindi na pande hizi, tupeane uzoefu

Kadzo wa Barani: Jamani, leo nimetoka kumchanja mbwa wangu Msena tukakataliwa na tuktuk zote pale mjini. Mmoja ameniambia kiti chake ni cha watu, mwingine hakusimama hata. Mwishowe kijana wa boda akasema, "Mama, panda, huyo tumweke katikati." Tumefika salama, ila njia nzima nimemshika kwa mikono miwili na roho iko juu. Najua wako wengi hapa wanaotembea na mbwa wao kwa pikipiki kila siku ya Mungu. Sasa semeni. Anakaa wapi, mbele kwa tangi au nyuma? Mnamfunga? Na akiona mbuzi njiani? Nataka niwe naenda naye shambani Kakuyuni, na matatu ndiyo usiseme. Msena ni koko wa hapa hapa, sikio moja limesimama na jingine limelala, na simpendi chini ya mtu yeyote wa nyumbani kwangu.

Mtu wa Boxer: Mbele kwa tangi, mama, ili awe kati ya mikono yako. Nyuma humwoni, na usichokiona hukijui. Mbwa wangu Simba nilimfundisha angali mdogo. Kwanza pikipiki imezimwa, iko kwa stendi ya kati, anapanda anapewa kipande cha muhogo, anashuka. Akishazoea, nawasha injini na tunakaa hapo hapo tu, asikie ule mtetemo. Halafu ndiyo mwendo wa pole, mtaani, bila kuingia barabara kubwa. Usiwe na haraka, kuna mbwa atakubali wiki hiyo hiyo na kuna mwingine atakusumbua mwezi mzima.

Mambo mawili watu hawaambiwi. Tangi ni chuma, jua la saa saba linaligeuza kikaango, na tena linateleza, kucha hazishiki. Kata gunia au kipande cha zulia la mpira, ulifunge vizuri juu ya tangi. La pili, mpandishe na umshushe upande wa kushoto kila mara. Eksozi iko kulia.

Mamake Popi: Hilo la eksozi ni kweli kabisa. Popi nilimpokea kwa mtu tayari ana kovu pajani, na nywele hazijaota hapo mpaka leo.

Kijiweni: Mimi nyuma. Kreti ya mkate juu ya keria, blada nne, gunia ndani, mbwa ndani, kamba shingoni, basi. Haendi popote.

Mtu wa Boxer: Kaka, kamba shingoni? Akiona paka akaruka, utakuwa unamburuta aning'inie na wewe huna habari mpaka ufike Ganda.

Kijiweni: Wangu haruki.

Mtu wa Boxer: Wote hawaruki mpaka siku wanayoruka.

Kijiweni: Umeshamwona wangu? Hujamwona. Wewe shika tangi lako.

Daktari wa Mbuzi: Ndugu zangu, taratibu. Kreti si mbaya, tena kwa mbwa mkubwa naipenda kuliko tangi, kwa sababu mbwa wa kilo 25 mbele yako anakuzuia kukata kona na kushika breki. Kinachokosewa ni shingo. Mkanda upite kifuani na nyuma ya miguu ya mbele, uwe na pete mgongoni, na kamba iwe fupi asiweze kuvuka ukingo wa kreti. Na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahesabu ni kosa kumsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa bila sababu. Kwa hiyo hata polisi anayo haki ya kukusimamisha.

Pwani Raha: Mfungeni mdomo pia, abiria wengine wanaogopa. Blada moja tu, mara mbili, kwisha.

Daktari wa Mbuzi: Usifanye hivyo kabisa! Mbwa hatoki jasho mwilini kama wewe. Joto lake analitoa kwa kuhema, mdomo wazi, ulimi nje. Ukimfunga mdomo Malindi hii, tena mwezi wa pili au wa tatu, unaweza kumshusha amekufa. Kama ni lazima, tumia kizibo cha mdomo cha wavu, kile kinachomwachia nafasi ya kufungua na kunywa maji. Na kuanzia saa sita mpaka saa tisa mchana, mwacheni nyumbani.

Ustadh wa Shela: Assalaam aleikum. Mimi sichukii mbwa, Mungu ni shahidi. Lakini nyinyi wa boda mnabeba watu. Mtu anatoka kutawadha, anapanda pikipiki, anaketi pale pale mbwa alipokuwa ameketi ulimi nje. Sisi wengi hapa ni madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa mnajua hukumu yake: kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mbona hamtuambii kabla hatujapanda?

Mtu wa Boxer: Ustadh, Simba hapandi nikiwa kazini. Kazi ni kazi.

Ustadh wa Shela: Wewe labda. Na huyu wa kreti ya mkate?

Kijiweni: Sasa imekuwa mimi tena!

Mwana wa Mambrui: Aleikum salaam ustadh. Mimi ni Muislamu, nina mbwa wa kulinda mbuzi na mahindi, na mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, hilo hatubishani. Kikavu kwa kikavu najisi haihami, ni umajimaji ndio wenye hukumu. Kwa hiyo mimi nina turubai la mbwa. Analalia hilo, na ninapolitoa linaingia gunia lake, halikanyagi kiti. Nguo za shamba ni mbali, kanzu ni mbali. Ukitaka kuishi na mbwa na swala yako isiharibike, inawezekana kabisa, ni mpango tu. Na tusisahau yule mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Hadithi hiyo tumesoma chuoni wote.

Ustadh wa Shela: Hapo umesema neno. Turubai nimelikubali. Kumhurumia mnyama hakuna anayekataa.

Amu Moja: Nyinyi mna raha. Huku Lamu mjini ukipita na mbwa kwa zile njia nyembamba, watu wanajibanza ukutani mpaka upite. Punda ndiye mwenye mji, ana hata kliniki yake tangu 1987, lakini mbwa utahesabu. Wangu nilimpata Mpeketoni. Kumleta ilikuwa boda mpaka Mokowe, halafu boti, na nahodha alikubali kwa sharti mbwa akae mbele kabisa ya boti, peke yake. Aliloa maji ya chumvi njia nzima na hakulia hata kidogo. Siku hizi nikienda bara naye, nahodha mwenyewe ndiye anayemwita jina.

Mamake Popi: Mwambie huyo nahodha namsalimia.

Mzee wa Korosho: Nimesoma yote nikanyamaza, lakini mlipofika kwa pikipiki na mbwa nimeshindwa kulala. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Nina shamba la korosho nyuma ya Gede, upande wa msituni. Mbwa wangu Chui ananifuata kila mahali, na kwenda shambani ni yeye mbele, mimi katikati, mke wangu nyuma. Siku hiyo tulikuwa tunapulizia mikorosho. Chui akaanza kunguruma kwenye rundo la majani makavu, ule mngurumo wa chini ambao si wa kuchezea. Nilidhani kenge. Nikamwita, hakuja. Kisha nikaona kichwa kimeinuka, shingo imetanuka, rangi ya udongo, na lile jinyoka lilikuwa refu kunishinda. Sikuona lilivyotema sumu. Nilisikia tu Chui amepiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mbwa, na akaanza kusugua uso ardhini, mchanga unaingia machoni, anajigonga kwa mashina ya mikorosho haoni anakokwenda.

Nyoka akaingia zake kwenye majani. Sikumfuata. Tulikuwa na jerikeni la maji safi ambayo bado hatujachanganya dawa. Mke wangu akamlalia Chui kwa mwili wake wote, mimi nikamfungua jicho kwa vidole na kummiminia, hili kisha lile, hili kisha lile, mpaka jerikeni likaisha. Macho yalikuwa mekundu, kope zimevimba zinajifunga zenyewe, na povu linamtoka mdomoni. Alikuwa ananitetemekea mkononi.

Sasa kumtoa pale. Mbwa aliyezoea tangi hawezi kukaa tangini kama haoni. Mke wangu akavua leso, akamfunga Chui kifuani pake kama anavyobebwa mtoto, akapanda nyuma na kuishika ile miguu ya mbele, kwa sababu alikuwa anataka kujikwangua macho kwa kucha. Kutoka Gede mpaka Malindi ni kama kilomita 16, na barabara naijua kila tuta. Siku hiyo kila tuta nililipita nikisikia Chui analia mgongoni kwangu, na mke wangu anamwimbia. Polisi walikuwa barabarani. Mmoja akainua mkono, akaona leso, akaona pua imechomoza, akaushusha mkono na kunipungia nipite. Huyo kijana namwombea dua mpaka leo.

Daktari akamchoma sindano ya maumivu, akaosha tena macho kwa maji ya dripu, akatia rangi fulani na kummulika kwa taa ya buluu. Palipochubuka pakang'aa kijani. Akatupa dawa ya matone na kola ya plastiki ya shingoni asijikune. Jicho la kulia limerudi lote. La kushoto lina ukungu kidogo, lakini Chui anaona, na ukiwasha pikipiki yeye ndiye wa kwanza kufika.

Mamake Popi: Nimelia. Mzee, mpe mama pole na pongezi.

Mtu wa Boxer: Ni wapi hasa hapo Gede? Mimi hupita huko.

Pwani Raha: Dawa yake ni maziwa. Maziwa ya mbuzi, unamtia machoni palepale.

Kijiweni: Mkojo ndio unafanya kazi haraka. Babu yangu alitumia.

Mwana wa Mambrui: Jiwe la nyoka je? Kuna mzee anauza kule Gongoni.

Pwani Raha: Au avalishwe miwani ya fundi wa weldingi kabla ya kuingia shamba, na vumbi la barabara limkome pia.

Daktari wa Mbuzi: Maji. Maji safi mengi, dakika 15 mpaka 20, kama mzee alivyofanya, na hapo ndipo alipookoa macho. Maziwa yanatumika ikiwa hakuna maji kabisa, kwa sababu tu ni kitu cha kusuuzia. Mkojo acheni. Jiwe la nyoka halina kazi hapo, sumu iko juu ya jicho. Na akiwa ameng'atwa badala ya kutemewa, hilo ni jambo jingine: usikate, usifyonze, usifunge kamba mguu, mbebe asitembee na uende mbio.

Fundi Gede: Huyo nyoka wa mzee ni swila mkubwa wa kahawia. Huku kwetu ndiko kwake. Mpaka 2007 wataalamu walikuwa wanamhesabu pamoja na swila wengine, ndipo wakamtenga kuwa aina yake mwenyewe, Naja ashei, kwa jina la James Ashe aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken pale Watamu. Ndiye mkubwa kuliko swila wote wa kutema duniani, anapita mita 2. Bio-Ken ukiwapigia kuhusu nyoka wanakuja kumchukua, kwa hiyo msiwaue ovyo. Anakula panya, na hata nyoka wenzake.

Kijiweni: Nisimuue? Akiwa na watoto wangu pale?

Fundi Gede: Ondoa watoto, ondoa mbwa, piga simu. Wanaotaka kumuua kwa fimbo ndio wanaotemewa.

Kijiweni: Rahisi kusema ukiwa umekaa.

Kadzo wa Barani: Jamani nimeshaogopa kwenda Kakuyuni. Mzee, pole sana. Lakini turudi kwa Msena. Leo daktari alimchanja kichaa cha mbwa, akanipa kadi. Hiyo kadi nitembee nayo?

Daktari wa Mbuzi: Tembea nayo, ifunge nailoni. Chanjo ya kwanza ni kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa hukipata kwa mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Mtu aking'atwa, hata na mbwa unayemjua, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano. Ukiwa na kadi utaokoa pia mbwa wako, maana watu wakiogopa huokota mawe kwanza.

Mamake Popi: Na kupe! Mkitoka shamba, mkague ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia. Popi alikataa kula, ufizi ukawa mweupe, kumbe ni homa ya kupe. Usingoje mpaka alale chini.

Mwana wa Mambrui: Msipake mafuta ya taa. Watu wa kwetu wanapenda sana hiyo, na mbwa anaungua ngozi.

Kijiweni: Haya, nimewasikia wote. Huo mkanda wa kifuani unapatikana wapi? Ule wa dukani bei yake ni ya Mtaliano.

Mtu wa Boxer: Kwa fundi viatu yeyote sokoni. Mpelekee mkanda wa begi la shule lililochakaa na pete mbili za chuma, umpime mbwa hapo hapo. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili. Mimi naenda Jumamosi asubuhi kutengeneza wa Simba, ule wa zamani umeliwa na jua.

Kijiweni: Nitakuja. Saa ngapi?

Mtu wa Boxer: Saa mbili, kabla jua halijapanda. Mama Kadzo, na wewe mlete Msena tumjaribu tangini. Asile asubuhi hiyo, atatapika. Maji mpe.

Kadzo wa Barani: Tutakuja. Muhogo niubebe mimi?

Mtu wa Boxer: Uchemshwe, bila chumvi.