Chakula cha ushirika chuoni: kila kundi linakaa peke yake, tufanyeje?

Mwana_Tudor:
Bwana asifiwe. Ushirika wetu wa wanafunzi hapa Tudor, Mombasa, unaandaa chakula cha jioni cha watu 60: wa bara, Wamijikenda, Wahindi kidogo, Wakongo, Wasudani Kusini, Wahabeshi. Watu huja, lakini kila kundi na kona yake, na wageni hawarudi. Kasoro iko wapi?

Mama Upawa:
Anzia jikoni. Ukipika pilau ya ng'ombe peke yake, umeshawafukuza wengine kabla hawajaketi. Wahindi wengi hawali ng'ombe, Wajaini, watu wa dini moja ya huko India, hata kitunguu na thomu hawagusi, na Wahabeshi wa Orthodoksi hufunga nyama na maziwa Jumatano na Ijumaa. Jumapili jioni haiwabani wengi, hata Waadventista.

Kwa watu 60: mchele kilo 8, maharagwe kilo 5, nazi kama 24, mchicha, kachumbari kando. Sufuria moja ndogo ya maharagwe itengwe bila kitunguu wala thomu. Tui zito litiwe mwisho, koroga bila kufunika, la sivyo litakatika. Na msipike asubuhi! Kwa joto letu, chakula cha nazi kikikaa mpaka jioni kimechacha. Mkiweka nyama, iwe na sufuria yake na upawa wake. Upawa mmoja ukizungushwa kwenye sufuria zote, asiyekula nyama akiuona atakwambia ameshiba.

Sinia Kumi na Mbili:
Kuketi: sinia 12, watu watano watano. Mlangoni gawa vikaratasi vya namba 1 hadi 12, kisha rudia. Marafiki huingia pamoja, kwa hiyo watapata namba zinazofuatana na kujikuta kwenye sinia tofauti. Usitangaze kwamba mnawachanganya. Weka sahani na vijiko pembeni kwa asiyezoea kula sinia moja na wengine, wala asiulizwe sababu. Matangazo yawe kwa Kiswahili na Kiingereza. Mkongo wa mashariki Kiswahili anakijua, Msudani huenda asikijue.

Kengeleni:
Ndugu zangu, hayo ni mazuri, lakini bado kuna wenyeji na wageni. Someni Matendo 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa kwenye mgao wa chakula, watu wao wakanung'unika. Wakachaguliwa saba, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Ghala lilikabidhiwa upande uliolalamika. Sasa mweka hazina wenu ni nani? Anayeamua menyu? Kama wote ni wa kabila moja, sinia hazitasaidia.

Tazameni pia mchango. Mkikusanya kwa M-Pesa tu, asiye na kitambulisho hana laini kwa jina lake, ataomba ya mwenzake kila mara na mwisho ataacha kuja. Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la Kenya mwaka 2017 tu, Wapemba 2023. Kuna familia ambazo bado zinahangaika na makaratasi. Wekeni kisanduku mlangoni, bila daftari la majina. Na mwanachama mmoja amsindikize mwenye shida Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, akiwa na cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi.

Mkitaka mahali pa kuanzia mazungumzo, nendeni kwenye kengele ya Freretown, hapa hapa Mombasa. Makazi yale ya watumwa walioachiliwa yaliundwa 1875, wakaabudu pamoja Wayao, Wanyasa na Waafrika waliolelewa India.

Mwana_Tudor:
Asanteni. Hazina tutaigusa kwanza. Saa za kumaliza je?

Sinia Kumi na Mbili:
Saa mbili usiku. Wa Likoni na Mtwapa wapate kufika kwao matatu zikiwa bado nyingi, na wa kuosha masufuria wapangwe mapema, wasiwe wasichana peke yao.