Nyani dume uani Kampemba, Lubumbashi (Kongo): ofisi zinanirushiana, viza inaisha

Kutoka: Mpangaji, Kampemba

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za kazi. Nyumba niliyopanga ina nyani dume uani. Aliachwa na mpangaji wa kabla yangu, enzi hizo akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Sasa meno yamekamilika, mnyororo anaukata, na juzi amemng'ata mlinzi kiganjani. Mwenye nyumba amekubali nyani aondoke. Ofisi ya kwanza imenituma kwa ya pili, ya pili inataka PV (hati rasmi ya maelezo) ya ile ya kwanza, na ya kwanza haiandiki PV mpaka wakaguzi waje kumwona, mafuta ya gari juu yangu. Swali langu ni moja: PV ikiwa na jina langu, DGM, watu wa uhamiaji, watanisumbua nikienda kuomba upya viza ya établissement, ile ya ukaazi? Inaisha mwezi ujao. Risiti ya komini ya kumfuga ipo.

Kutoka: Mama Duka, Katuba

Viza baadaye, baba. Mkono wa huyo mlinzi umeoshwa? Jeraha la nyani ni dogo kwa juu na refu kwa ndani, jino linaingia kama msumari na kupeleka uchafu hadi kwenye kano. Maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, halafu iodini. Asikubali kushonwa siku hiyohiyo, usaha utafungiwa ndani. Apate chanjo ya kichaa cha mbwa, sindano ya pepopunda, na amoksilini ile iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, si ile tupu ya vidonge vya kopo. Kiganja kikivimba na vidole vikigoma kukunja, ni hospitali usiku huohuo.

Kutoka: Dereva wa Kasumbalesa

Kichaa cha mbwa ni cha mbwa. Mfungeni nyani siku kumi, akibaki mzima mlinzi naye mzima. Hela ya chanjo nunueni mnyororo mnene.

Kutoka: Daktari wa mifugo, Golf

Ndugu Dereva, utaua mtu kwa barua pepe. Siku 10 za kuangalia ni za mbwa na paka, kwa sababu kwao inajulikana virusi hutokea kwenye mate muda gani kabla ya dalili. Kwa nyani hakuna kipimo hicho. Anachomwa leo: siku ya 0, ya 3, ya 7, na ya mwisho kati ya siku ya 14 na ya 28. Siku ya 0 ni ya sindano ya kwanza, si ya kung'atwa. Wengi huchanganya hapo, wakajiona wamechelewa, wakabaki nyumbani. Na kwa kuwa ngozi imetoboka, ni daraja la III, la hatari zaidi: anahitaji imunoglobulini pia (kingamwili zilizo tayari), nayo huingizwa kwenye jeraha lenyewe na kando yake. Muuguzi akitaka kuimalizia yote takoni, mwambieni asome karatasi iliyomo kwenye boksi.

Mnyororo mnene wa nini? Uliopo umemkata shingo au kiuno, nina hakika. Mwenye nyumba aangalie chini ya manyoya kwa mbali, akiona nzi wanatua mahali pamoja, pana kidonda.

Kutoka: Mkenya wa Bel-Air

Kwani lazima aondoke? Mkateni yale meno manne marefu na ahasiwe. Dume akishahasiwa anatulia, hata ng'ombe ni hivyo.

Kutoka: Daktari wa mifugo, Golf

Nyani si ng'ombe. Jino likikatwa bila kuzibwa mzizi, neva inabaki wazi, usaha unajikusanya kwenye taya, na mnyama anayeumwa jino usiku na mchana ni hatari kuliko alivyokuwa. Tena meno ya mbele na ya magego yanabaki, na taya ni ileile. Kuhasi kunapunguza ukali unaotoka kwenye homoni, hakufuti aliyokwisha kujifunza, na huyu amejifunza kwamba akiuma watu wanarudi nyuma.

Watu husema "amebadilika" au "amelogwa". Hajabadilika. Dume akifika miaka minne, mitano, sita, anaanza kutafuta nafasi yake kundini, na kundi lake ni nyinyi. Anaanza na aliye chini: mtoto, dada wa kazi, mgeni. Akipiga miayo mbele yako mchana si usingizi, anakuonyesha silaha. Akipandisha nyusi ile ngozi nyeupe ya juu ya jicho ikaonekana, akapiga ardhi kwa kiganja, akasaga meno, umeonywa mara tatu. Usimkazie macho, usicheke kwa kuonyesha meno, usikimbie. Rudi kinyumenyume, mikono chini, watoto ndani.

Mpaka siku ya kuondoka mlishaji awe mmoja, saa zilezile, chakula kisukumwe kwa mti au bomba, si kwa mkono. Mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu, majani, matunda kidogo. Mikate na soda acheni.

Kutoka: Mwana Lubumbashi

Bandugu, nasoma tu nanyamaza lakini muko nachanganya. Nyani ya huku Katanga si ile munaonaga kwenu Mikumi. Ya huku ni ndogo, banaiita Kinda. Dume yake ni kilo 16 hivi, dike 10. Ile ya manjano ya kwenu njo inafikaga kilo 25. Mukienda kuambia daktari "kilo 25" kwa simu, atakuja na dawa ya kulalisha ya kilo 25, nyani ya kilo 16 itakufa mu sanduku. Mupime bukubwa yake kwanza. Na musiseme kilo kwa kukisia.

Kutoka: Daktari wa mifugo, Golf

Sawa kabisa, na ndiyo maana hakuna daktari makini anayemlaza mnyama kwa kilo za kwenye simu. Asile kwa saa 12 kabla ya dawa, la sivyo atatapika na matapishi yataingia mapafuni. Msimpe vidonge vya usingizi vya binadamu ndani ya ndizi. Nusu dozi inamfanya alewe na kuwa mkali, hana breki tena.

Kutoka: Fundi wa mageti, Kenya (komini, si nchi)

Mkimwingiza kwenye sanduku kwa mazoezi, dawa ya usingizi huenda isihitajike. Sanduku: plaiwudi ya mm 18, fremu ya chuma ya pembe ya mm 30 kwa nje. Urefu wa ndani cm 100, upana 60, kimo 75. Aweze kukaa na kugeuka, asiweze kuruka na kujigonga. Matundu ya hewa yawe juu ya kimo cha mabega, kipenyo cm 2, pande tatu. Mkitoboa ya cm 5 mkono unatoka mpaka kiwiko, na wabebaji wawili wanaachia sanduku kwa mpigo. Mbele wavu wa kuchomelea wa matundu ya cm 2.5 kwa 2.5, nyaya za mm 4, si wavu wa kuku.

Mlango uwe wa kushuka toka juu, kwenye reli ya U, usiwe wa bawaba. Mlango wa bawaba lazima uusogelee ili uufunge, na hapo ndipo watu hupoteza vidole. Wa kushuka unavuta kamba ukiwa mita tano. Ukishashuka pitisha komeo mbili, juu na chini, kila moja na kufuli, kwa sababu nyani hutumia mikono yake kama wewe: komeo moja bila kufuli ataichezea mpaka ifunguke. Mishikio iwe mabomba marefu yanayotokeza cm 40 kila upande, mikono ya wabebaji iwe mbali na matundu.

Sanduku likae uani mlango umeinuliwa na kufungiwa juu kwa kamba. Siku za kwanza chakula mlangoni, kisha katikati, kisha nyuma kabisa. Msishushe mlango siku ya kwanza anapoingia wote. Shusheni pale anapokula akiwa amewapa mgongo na hageuki geuki. Mkimkosa mara moja, hataingia tena kwa muda mrefu.

Kutoka: Mzee wa Ruashi, wakala wa forodha

Kijana wangu wa Kampemba, sanduku zuri bila karatasi ni ushahidi dhidi yako. Usimtoe nje ya geti. Akiwa uani una mnyama uliyemkuta. Akiwa kwenye pikapu barabarani bila ordre de mission (hati rasmi ya safari), kwa askari wa kizuizi wewe ni msafirishaji wa wanyamapori, tena mgeni.

Risiti ya komini iweke kabatini. Ni risiti ya kodi, haikupi haki ya kumiliki. Kuna sheria ya uwindaji 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na ya uhifadhi 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Juu yake CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori: jamii yote ya nyani, kima na sokwe imo, sokwe Kiambatisho cha I, nyani cha II. Kwa hiyo asije mtu hapa akakushauri umvushe mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia. Bila kibali cha CITES cha kutoka, cheti cha afya cha daktari wa serikali na kibali cha Zambia cha kuingiza, hiyo ni magendo.

Andika barua ya Kifaransa kwa mkurugenzi wa mkoa wa ICCN, taasisi ya uhifadhi wa wanyamapori, nakala kwa Coordination, ofisi ya mazingira ya mkoa. Taja jinsia, umri wa kukadiria, mahali, tarehe ya kung'atwa mlinzi, na kwamba unaomba waje kumchukua. Ambatanisha nakala ya mkataba wa kupanga, maana tarehe yake inaonyesha mnyama alitangulia, na tamko la mwenye nyumba lililothibitishwa komini. Toa nakala mbili, yako ipigwe mhuri wa accusé de réception (imepokelewa) wenye namba na tarehe. Ofisi ikikurusha tena unatoa namba, si maelezo.

PV ikiandikwa, isome kabla ya kusaini. Iandikwe remise volontaire, yaani umemkabidhi kwa hiari. Ikiwa imeandikwa saisie, yaani amekamatwa kwako, usisaini mpaka irekebishwe. Na malipo ya serikali kuu hupitia DGRAD, ofisi ya mapato ya serikali, kwa note de perception (hati ya malipo), ukalipie benki. Fedha ya mkononi "ya mafuta" haina note.

Kutoka: Mkenya wa Bel-Air

Mzee, hiyo yote mwezi mzima. JACK, kile kituo cha kulea wanyama, si wako hapahapa mjini? Ampeleke getini kwao, kwisha.

Kutoka: Mwana Lubumbashi

JACK ni ya sokwe.

Kutoka: Daktari wa mifugo, Golf

Ilianzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya sokwe yatima, lakini ina kima wa aina nyingine pia. Kupokea kunategemea nafasi, na hakuna hifadhi yenye akili inayopokea mnyama getini toka kwa mtu asiyejulikana. Septemba 2022 waliibiwa sokwe watoto watatu, wezi wakadai fidia. Baada ya hapo wewe ungefungulia geti kila pikapu? Piga simu kwanza, tuma picha na video fupi akitembea, kisha ICCN ndiyo imlete.

Jueni pia kwamba akifika hachanganywi na wenzake. Kuna karantini, na ndani yake kupimwa kifua kikuu: tuberkulini (dawa ya kipimo) 0.1 ml kwenye ngozi ya ukope wa juu, inasomwa saa 24, 48 na 72. Ukope huchaguliwa kwa sababu uvimbe unaonekana kwa mbali bila kumshika tena. Kama kuna mtu anakohoa muda mrefu hapo nyumbani, semeni mapema. Sisi ndio tunaowaambukiza.

Na yule atakayesema "mwachieni porini": nyani aliyelelewa na watu hatafuti kundi, anatafuta jiko. Atashuka kijiji cha kwanza, atamrukia mama mwenye beseni, atauawa kwa panga. Akikutana na kundi la wenzake kabla ya hapo watamrarua.

Kutoka: Dereva wa Kasumbalesa

Mnamhangaisha kijana wa watu kwa nyani mmoja wa kilo 16. Mwaka 2010 twiga walipanda ndege pale KIA, Kilimanjaro, wakaenda Uarabuni, shingo na yote, nani aliulizwa PV? Sheria ni ya mpangaji.

Kutoka: Mzee wa Ruashi

Wapo waliopelekwa mahakamani kwa ile ndege, na mwaka 2016 usafirishaji wa wanyama hai ukafungwa. Usilete siasa za nyumbani kwa nusu.

Kutoka: Mama Duka, Katuba

Mmenikumbusha Mikumi. Basi linapunguza mwendo, nyani wamejipanga ukingoni wanasubiri maganda ya ndizi, kondakta anafoka tufunge madirisha. Huku hata ndizi za kupika ninaletewa, na zinafika zimeiva.

Kutoka: Mkenya wa Bel-Air

Mama, ndizi za kupika ziko soko la Kenya asubuhi sana, kabla ya saa moja. Ulizeni wale wa upande wa samaki.

Kutoka: Mpangaji, Kampemba

Asanteni wote. Mlinzi ameanza sindano, imunoglobulini wametuambia tutafute wenyewe. Fundi amenitumia vipimo, barua ninaipeleka kesho. Lakini DGM? PV yenye jina langu, viza inayoisha mwezi ujao?

Kutoka: Dereva wa Kasumbalesa

Swali la haraka kabla sijavuka Jumamosi: kadi ya njano nakala inakubalika, au lazima halisi? Yangu ni ya 2013, wananiambia imekufa.

Kutoka: Mzee wa Ruashi

Haijafa. Tangu Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano ni ya maisha, hata kama kadi imeandikwa miaka kumi. Lakini beba halisi, nakala wataikataa, na jina lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Atakayechanjwa sasa, kadi yake inaanza kufanya kazi baada ya siku 10, asivuke kabla. Na ukifika Whisky, pale mpakani, usimpe mtu kadi akakushikie.