Wanawake tunaofanya kazi zinazoitwa za kiume, na wanaume mnaofanya nasi: tupeane uzoefu

Habari zenu wadau. Mimi ni fundi wa magari hapa Dar, mwaka wa 9 sasa. Nilipoanza nilikuwa mwanamke peke yangu gereji nzima. Miezi minne kazi yangu ilikuwa kufagia, kuosha vifaa kwa dizeli na kutumwa chai, wakati kijana tuliyeanza naye wiki moja alishaanza kushusha giaboksi. Iliniuma sana.

Siku moja akaja mteja na gari aina ya Noah, gurudumu la mbele linalia. Akaniambia, "Dada, niitie fundi." Fundi mkuu alikuwa chini ya gari jingine, akajibu hukohuko alikolala: "Fundi ndiye huyo." Nikabadilisha beringi mikono ikitetemeka, mteja kanisimamia kichwani. Mpaka leo akija ananiulizia mimi.

Kwenu ilikuwaje? Nani alisema nini, au mlifanya nini, mpaka mkazoeleka?

Jibu la 1
Mimi ni saidia fundi, saiti za ujenzi Dodoma. Choo kilikuwa kimoja, hakina mlango. Nilikuwa sinywi maji toka asubuhi mpaka jioni, na jua la huku mnalijua. Tukamfuata msimamizi wanawake sita kwa pamoja, kesho yake mlango ukawekwa. Ila malipo bado: mwanaume elfu kumi na tano, sisi elfu kumi, na ndoo za zege ni zilezile.

Jibu la 2
Wakuu, mimi mwanaume, nipo ofisini. Nilikuwa wa kwanza kununa mwenzetu akitoka mapema kwenda kunyonyesha. Kisha mke wangu akajifungua kwa upasuaji, nikaomba ruhusa. Bosi akaniuliza, "Kwani umezaa wewe?" Yule yule dada niliyekuwa namnunia ndiye aliyefungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kwenye simu yake, akasoma mbele ya wote: mama siku 84, akizaa pacha 100, baba siku 3 zenye malipo. Anayenyonyesha, hadi saa 2 kwa siku. Nilipata siku zangu. Nilirudi nikamwomba radhi, maana zile saa nilizokuwa nazihesabu zilikuwa haki yake.

Mwanzisha uzi
Asante kaka, wengi hawasemi hivyo hadharani. Dada wa Dodoma, sheria hiyohiyo, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri ahakikishe mwanaume na mwanamke wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Msiende mmoja mmoja, nendeni kama mlivyokwenda kwa ajili ya mlango.

Jibu la 1
Nimewasomea wenzangu leo mchana tukila kwa mama ntilie. Tunakwenda Jumamosi, siku ya malipo. Mafundi wawili wa kiume wamesema watasimama na sisi. Nitarudi kuwaambia.