Tupeane uzoefu: Wabunifu mlio waamini, wazo jipya mnalitoa wapi?

Mtoa mada

Bwana asifiwe, wapendwa. Uzi huu ni wa watu wa nembo, mabango, vitabu, tovuti, mavazi ya ibada, yeyote anayechora kwa malipo au kwa kujitolea. Swali ni moja: karatasi iko tupu mbele yako, imani ndiyo chemchemi yako, unafanya nini hasa? Tusiishie kwenye "omba tu, utapewa". Kuomba tunaomba. Hata Bezaleli wa Kutoka 31, aliyejazwa Roho kwa ajili ya kazi ya mikono, alifanyia kazi vipimo: sanduku la agano lilikuwa dhiraa 2 na nusu kwa 1 na nusu. Leteni hatua, vipimo, na mahali mambo yanapoharibika.

Kalamu Butu

Ubunifu mwingi wa kikristo unachosha kwa sababu andiko limesomwa mbio. Mtu akipewa Zaburi ya 23, mkono unachora mchungaji na kondoo kabla jicho halijafika mstari wa tano.

Igawe karatasi safu mbili. Kushoto andika vitu vyote vinavyotajwa, kulia vitenzi vyote. Usichague, andika tu. Kwenye hiyo Zaburi ya 23 utaona kuwa kuanzia mstari wa 5 malisho yametoweka: sasa kuna meza, mafuta, kikombe. Tulikuwa nje, tumeingia ndani. Utaona pia kuwa mistari mitatu ya kwanza inamsimulia Bwana kama mtu wa tatu, halafu kule bondeni, mstari wa 4, msemaji anageuka na kumwambia "Wewe". Hapo ndipo pa kubadili ukubwa wa herufi, rangi, au kufungua ukurasa mpya. Wazo la mpangilio umelipata bila kuchora kondoo hata mmoja.

Zaburi ya 1 nayo, wengi hukimbilia mti. Tazama vitenzi vya mstari wa kwanza: kwenda, kusimama, kuketi. Mtu anapunguza mwendo hatua kwa hatua hadi anaganda penye wenye mizaha. Hizo ni picha tatu za mfululizo, tayari. Baadaye uzito mmoja uliosimama wima (mti) unashindana na vipande vyepesi vinavyopeperuka (makapi). Muundo wa bango zima uko humo.

Baada ya orodha, chora vichoro vidogo 20, kila kimoja sentimita 4 kwa 6, dakika mbili mbili. Vitano au sita vya kwanza vitakuwa vile ambavyo kila mtu angechora. Usivikwepe, vitoe mkononi viishe. Makosa mawili huua zoezi hili. La kwanza ni kusimama kwenye cha sita kwa sababu kimependeza. La pili ni kuwasha kompyuta mapema: mistari ya programu imenyooka mno, wazo bichi linaonekana limeiva. Kuperuzi kazi za wengine kuje baada ya vichoro. Kukitangulia, mkono utaiga bila kukuaga.

Fundi Nembo

Naunga mkono. Nyongeza upande wa alama.

Nembo ya huduma inapoharibika, mara nyingi imebeba njiwa, msalaba, Biblia iliyofunguliwa, mwali wa moto na ramani ya dunia kwa pamoja. Kila mjumbe wa kamati kaweka chake. Dawa: kabla ya kuchora, waombe waandike kitenzi kimoja tu kinachoeleza kazi yao. Wanalisha? Wanafundisha? Wanapokea wageni? Chora kitenzi, usichore orodha ya imani. Kisha ipunguze nembo hadi upana wa milimita 12, kwa rangi nyeusi tupu. Kilichopotea hapo hakikuwa na kazi.

Alama za Wakristo wa kwanza zinafundisha upunguzaji huu. Nanga, iliyochorwa kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Roma na inayotajwa katika Waebrania 6:19, ni mistari mitatu minne tu. Samaki ni tao mbili. Mchore hivi: duara mbili za nusu kipenyo cha sentimita 5, kitovu cha kila moja kikae juu ya mstari wa nyingine. Pale zinapopishana unapata umbo la lozi, urefu wake sentimita 8.66 na upana 5. Lilaze, kisha endeleza tao mbili kidogo kupita ncha moja, mkia umepatikana. Lozi hiyohiyo ikisimamishwa ndiyo inayomzunguka Kristo katika michoro mingi ya kale. Ukiijua jiometria hutahitaji kunakili samaki wa mtu.

Na wanaoogopa kwamba kubuni ni kutoka nje ya ukweli wasome Kutoka 28:33. Makomamanga kwenye pindo la joho la kuhani yaliagizwa yawe ya samawi, zambarau na nyekundu. Komamanga la samawi haliko mtini.

Mkasi na Karatasi

Mimi ni wa kutoka kwenye kiti, kuvitafuta vitu vyenyewe.

Msanifu majengo Antoni Gaudí, aliyeichukua kazi ya kanisa la Sagrada Família kule Barcelona, Hispania, mwaka 1883 na kuifanya hadi kifo chake 1926, hakubuni matao kwa kubahatisha. Kwa kanisa jingine, la Colonia Güell, alitengeneza modeli ya nyuzi zilizoning'inia kichwa chini, zimefungwa vifuko vidogo vyenye chembe za risasi, ile metali nzito. Uzani uliuchora mkunjo. Ukiigeuza picha yake juu chini unapata tao linalosimama. Zoezi lake ni rahisi: chukua mkufu mwembamba, ushikize ukutani kwa pini mbili zilizoachana sentimita 20, urefu wa mkufu sentimita 50. Piga picha ukiwa usawa wa katikati yake, la sivyo mkunjo utapinda. Igeuze, ifuatishe kwa kalamu. Una tao la kadi ya mwaliko, la fremu, la dirisha, na halifanani na zile tao za duara zilizojaa kwenye programu.

Ukikwama kwenye rangi, shika mkasi. Mchoraji Henri Matisse alipanga madirisha ya kioo ya kanisa dogo la Vence, Ufaransa, lililowekwa wakfu 1951, kwa vipande vya karatasi alivyovipaka rangi na kuvikata. Rangi tatu zinatosha. Kata bila kuchora kwanza. Penseli inarudisha woga.

Msomaji Kimya

Wakuu, na sisi wa kazi za kampuni? Humo hakuna andiko linaloingia. Uzi huu unatuhusu kweli?

Kipimo Sawa

Unakuhusu kuliko unavyodhani, ndugu. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na mizani ya leo iko kwenye skrini. Chukua chati ya nguzo: bidhaa moja ina 50, nyingine 52. Ukianzisha mhimili kwenye 49, nguzo ya pili inaonekana ndefu mara tatu, wakati tofauti halisi ni asilimia 4. Nguzo zianze sifuri. Kama tofauti ni ndogo na ni muhimu, tumia nukta badala ya nguzo, kwa sababu jicho husoma urefu wa nguzo kama kiasi.

Vivyo hivyo kitufe cha "Kubali" kinachong'aa na "Kataa" kilichofichwa kwa kijivu hafifu, au saa ya kuhesabu "ofa inaisha" ambayo huanza upya ukifungua tena ukurasa. "Ndiyo yenu iwe ndiyo" inageuka kuwa kanuni ya usanifu: vitufe viwili, ukubwa mmoja, uzito mmoja. Ukikatazwa udanganyifu unalazimika kutafuta namna bora ya kuvutia, na hapo ubunifu wenyewe unaanza.

Jirani yako pia ni yule mwenye macho dhaifu. Viwango vya tovuti vinataka utofauti wa mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma usipungue 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Vipo vipimaji vya bure. Kijivu juu ya nyeupe ndicho kinachofeli mara nyingi, na ndicho kinachopendwa!

Kalamu Butu

Hapo kwenye macho, niongeze skrini za ibada. Picha ya machweo nyuma ya maneno meupe inameza nusu ya mstari. Weka tabaka jeusi lenye ukolezo (opacity) wa asilimia 60 juu ya picha, au acha picha kabisa. Mistari isizidi minne, herufi zianzie pikseli 60 kwenye skrini ya 1920 kwa 1080. Na vunja mstari kwa maana, usifuate upana wa kisanduku: ushairi wa Zaburi huenda kwa vipande viwili vinavyojibizana, kila kipande kipewe mstari wake.

Hakiki sura na aya kabla ya kuchapa. Maombi hayarekebishi tahajia.

Fundi Nembo

Na haki za watu. Tafsiri nyingi za Biblia zina hakimiliki. Masharti huwa ukurasa wa mwanzo, yasome kabla ya kuuza fulana zenye aya. Fonti ya bure kwa matumizi binafsi siyo ya bure kwa nembo. "Ni kwa ajili ya Bwana" haifuti amri ya "Usiibe".

Msomaji Kimya

Asanteni. La mwisho: zambarau ya Kwaresima kwenye skrini ni nzuri, ikichapwa inakuwa ya kufifia. Na dhahabu inatoka kama haradali. Nakosea wapi?

Wino Mweusi

Hukosei, wino ndio una mipaka. Zambarau kali ya skrini ni mwanga, na wino nne za uchapaji, CMYK (siani, majenta, njano na nyeusi), haziifikii. Badili faili kuwa CMYK mwanzoni, usisubiri mwisho, kisha panga rangi kwa namba. Jaribu siani asilimia 60, majenta 90, nyeusi 10. Shida ya upande wa pili ni samawi kugeuka zambarau: siani na majenta zikilingana ndivyo inavyokuwa, basi ziachanishe kwa angalau 30. Karatasi isiyo na mng'ao hunywa wino na kufifisha rangi, hivyo omba sampuli kwenye karatasi ileile. Maandishi madogo yawe nyeusi 100 peke yake; ukichanganya wino nne, sahani za kuchapia zikisogea kidogo tu herufi zinapata kivuli.

Dhahabu haimo katika CMYK. Omba wino maalumu wa metali au foili, utando mwembamba wa metali unaobanwa kwa joto. Kwenye foili, mstari mwembamba kuliko robo milimita hukatika, na matundu ya a na e kwenye herufi ndogo huziba.